Jinsi ya kupanga kipato na kumaliza madeni unapoanza kujitegemea

"Nianze kuweka akiba au nianze kulipa deni?" "Nichukue mkopo mmoja mkubwa nifute hii midogo?" "Mshahara unakata tarehe kumi na tano, nakosea wapi?" Maswali haya hayakauki, na karibu yote yanatoka kwa vijana wa miaka ishirini na kitu waliopata kazi au biashara yao ya kwanza. Nimeyajibu moja moja kwa muda mrefu. Hapa nimeyaweka pamoja, kwa mpangilio ambao unaweza kukaa chini na kuufuata.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kipato chochote, hata kidogo, hata cha kuyumba, na mwenye deni moja au zaidi. Kama hudaiwi, soma hatua ya 3 kabla hujasaini mkopo wako wa kwanza. Mifano yote nimeiandika bila jina la sarafu. Weka ya kwako.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu, au jedwali kwenye simu au kompyuta. Daftari linatosha kabisa.
- Taarifa za miezi mitatu za akaunti zako zote, ya benki na ya pesa ya simu.
- Mikataba ya mikopo yako, pamoja na jumbe zilizokuja na masharti. Kama nakala huna, iombe kwa mkopeshaji leo, usisubiri.
- Majina ya watu unaowadai na wanaokudai, wakiwemo ndugu na marafiki.
- Kikokotoo.
- Saa mbili au tatu za utulivu. Kama kuna mwenza mnayechangia gharama za nyumba, awepo naye. Kumficha kutaharibu hesabu yote.

Hatua ya 1: Jua kipato chako halisi

Andika pesa inayoingia mkononi baada ya kodi na makato yote. Mshahara uliotajwa kwenye barua ya ajira usiutumie, kwa sababu hautumiki dukani.

Kama kipato chako kinapanda na kushuka, angalia miezi sita iliyopita na uchukue mwezi uliokuwa mbaya kuliko yote. Huo ndio msingi wa mpango wako. Wengi huchukua wastani, na wastani una tatizo: takribani nusu ya miezi itakuwa chini yake, na miezi hiyo ndiyo itakayokupeleka kukopa. Ukipanga kwa mwezi mbaya, mwezi mzuri unakuachia ziada, na ziada hiyo ina kazi katika hatua ya 5 na ya 6.

Hatua ya 2: Andika madeni yote kwenye ukurasa mmoja

Kila deni lipate mstari wake, na kila mstari uwe na mambo haya: nani anadai, salio la leo, riba au ada na inatozwa kila baada ya muda gani, kiasi cha chini unachotakiwa kulipa, tarehe, faini ya kuchelewa, na kama kuna dhamana au mdhamini.

Usiache kitu. Kodi ya nyumba uliyochelewesha ni deni. Mshahara uliochukua mapema kwa mwajiri ni deni. Simu unayolipia kidogo kidogo ni deni. Pesa uliyoazimwa na rafiki yako mwaka jana, ambayo yeye ameacha kuitaja kwa heshima, nayo ni deni, tena iandike juu.

Najua hatua hii inauma. Watu wengi hawajawahi kujumlisha madeni yao, wanaogopa kuiona jumla. Lakini hofu ya jumla usiyoijua huwa kubwa kuliko jumla yenyewe, na bila ukurasa huu huwezi kuamua lolote kati ya yanayofuata.

Tahadhari: usiandike salio kwa kukumbuka. Ulizia kwa mkopeshaji salio la leo, kwa sababu faini na ada huingia bila wewe kuona.

Hatua ya 3: Tafuta bei ya kweli ya kila deni

Hapa ndipo pesa nyingi za vijana zinapotelea, kwa hiyo soma taratibu.

Mkopeshaji hupenda kukutajia rejesho la mwezi, maana rejesho linaonekana dogo. Wewe uliza hivi: nikimaliza mkopo huu nitakuwa nimelipa jumla ya kiasi gani? Kisha toa kiasi kilichokufikia mkononi, baada ya ada ya maombi, bima na makato mengine. Tofauti hiyo ndiyo bei ya deni lako. Iandike kando ya kila mstari.

Angalia kwanza riba inahesabiwa juu ya nini. Chukua mkopo wa 12,000 kwa asilimia 12 kwa mwaka, unaolipwa kwa miezi 12. Kama riba inahesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, utalipa 1,120 kila mwezi, na riba yote itakuwa 1,440. Kama inahesabiwa juu ya salio linalopungua, rejesho ni kama 1,066 na riba yote ni kama 794. Asilimia iliyotajwa ni ile ile 12, lakini bei moja inakaribia kuwa mara mbili ya nyingine. Sababu yake ni hii: kufikia mwezi wa sita umesharudisha karibu nusu ya pesa, lakini katika mpango wa kwanza unaendelea kutozwa kana kwamba 12,000 zote bado ziko mfukoni mwako. Ukiubadilisha mkopo huo wa kwanza uwe kwa hesabu ya salio linalopungua, riba yake ya kweli inavuka asilimia 21 kwa mwaka. Kwa hiyo usilinganishe mikopo miwili kwa asilimia kabla ya kujua kila mmoja unahesabiwaje.

Angalia pia muda. "Ada ya asilimia 10 tu" inasikika nafuu mpaka ujue kwamba ni ya siku 30. Ukikopa 1,000 unarudisha 1,100. Sasa tuseme kila mwezi unalipa ile ada ya 100 na kusogeza mkopo mbele, kwa kuwa 1,100 kwa mpigo huna. Baada ya miezi 12 umelipa 1,200, na bado unadaiwa 1,000 ile ile. Umelipa zaidi ya ulichokopa na hujapunguza hata senti. Mikopo ya haraka huwashika watu kwa njia hii, na ndiyo maana huwa naiweka mbele ya madeni mengine yote.

Halafu kuna makato ya mwanzo. Ukiomba 1,000, ukapokea 900, ukarudisha 1,000 baada ya mwezi, umelipa 100 kwa kutumia 900. Hiyo ni zaidi ya asilimia 11 kwa mwezi, hata kama tangazo lilisema 10.

Kwa bidhaa za kulipia kidogo kidogo, hata zile zinazosemwa hazina riba, hesabu ni rahisi zaidi. Ulizia bei ya kulipa taslimu, jumlisha awamu zote pamoja na malipo ya mwanzo, kisha toa.

Ipo kanuni ya haraka ya kuona deni lisiloguswa linakua vipi: gawanya 72 kwa riba ya mwaka, upate idadi ya miaka ambayo deni litakuwa mara mbili. Kwa asilimia 24 ni miaka 3. Kanuni hii ni ya zamani sana. Mtawa na mwanahisabati Luca Pacioli aliitaja katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494. Inakadiria tu, na kwa riba kubwa sana inapotoka, ila kwa mikopo ya kawaida inakuamsha vya kutosha.

Hatua ya 4: Panga mwezi ujao kabla haujaanza

Pitia taarifa za miezi mitatu na uweke kila matumizi kwenye fungu lake: makazi, chakula, usafiri, umeme na maji, simu na intaneti, familia, mavazi, starehe, ada za miamala. Fungu la mwisho wengi hawalitazami, nalo hushangaza.

Kisha tafuta gharama zinazokuja mara moja au mbili kwa mwaka, kama vile bima, ada ya masomo, leseni au safari ya kwenda nyumbani. Jumlisha, gawanya kwa 12, na uziweke kama gharama ya kila mwezi. Hizi hatuwezi kuziita dharura, tarehe zake zinajulikana, lakini kila mwaka zinawafanya watu wakope.

Sasa andika mpango wa mwezi unaokuja kwa mfuatano huu: mahitaji ya lazima, kiwango cha chini cha kila deni, sehemu ya gharama za mwaka, na mwisho mengineyo. Kinachobaki kiite ziada. Kama hakuna kinachobaki, rudi kwenye "mengineyo" kwanza, kisha kwenye makazi na usafiri. Kupunguza vitu vidogo kunasaidia, ila mara nyingi fungu linalokula ziada yako ni moja kubwa, kwa mfano nyumba iliyokuzidi uwezo. Kulihama ni kazi ngumu ya mara moja. Kulibeba ni kazi ngumu ya kila mwezi.

Utakutana na kanuni ya 50/30/20, nusu kwa mahitaji, asilimia 30 kwa unavyovitaka, 20 kwa akiba na madeni. Waliokuja kuitangaza sana ni Elizabeth Warren na binti yake Amelia Warren Tyagi mwaka 2005 huko Marekani. Naiheshimu kama kioo cha kujitazama. Lakini kwa kijana mwenye kipato kidogo, mahitaji pekee yanaweza kula asilimia 70, na hilo haliashirii uzembe. Tumia namba zako.

Tahadhari: usijibane mpaka usibakiwe na kitu cha kufurahia. Mpango usio na nafasi ya starehe yoyote huvunjika mapema, na ukivunjika watu huutupa wote. Tenga kiasi kidogo, kitaje wazi, na ukitumie bila kujilaumu.

Hatua ya 5: Weka akiba ndogo kwanza

Hili ndilo jibu la swali la akiba au deni: anza na akiba ndogo, kisha deni, kisha akiba kubwa.

Kwa hesabu kavu, kulipa deni la gharama kubwa kuna faida kuliko kuweka akiba. Ila maisha hayasubiri. Ukipeleka kila senti kwenye deni, halafu mtoto augue au chombo cha kazi kiharibike, utarudi kukopa kwa riba ile ile uliyokuwa unaikimbia. Kwa hiyo weka kando kiasi kinachotosha dharura moja ya kawaida. Gharama za lazima za wiki mbili hadi mwezi mmoja zinatosha kwa kuanzia. Ziweke mahali unapozifikia ndani ya siku moja, lakini siyo kwenye akaunti unayofanyia manunuzi ya kila siku.

Kama unadaiwa ule mkopo wa asilimia 10 kwa mwezi, wiki mbili zinatosha; usichelewe zaidi.

Hatua ya 6: Chagua deni moja na ulishambulie

Lipa kiwango cha chini kwa madeni yote. Ziada yote ipeleke kwenye deni moja tu. Kugawa ziada kidogo kidogo kwa kila mdai kunampa kila mmoja faraja ndogo, na wewe huoni deni lolote likiisha.

Deni lipi? Tazama mfano huu. Kijana ana madeni matatu:

- Mkopo wa haraka: salio 300, asilimia 10 kwa mwezi, analipa 30 na kuusogeza mbele.
- Simu ya awamu: salio 150, asilimia 2 kwa mwezi, analipa 25.
- Mkopo wa benki: salio 1,200, asilimia 1.5 kwa mwezi, analipa 60.

Ukimuuliza linalomnyima usingizi, atakuambia la benki, kwa sababu ndilo kubwa. Lakini mkopo wa benki unamgharimu riba ya 18 mwezi huu, na ule wa haraka, ambao ni robo yake, unamgharimu 30. Deni dogo ndilo ghali.

Akiendelea na viwango vya chini tu, mkopo wa benki utachukua miaka miwili na ule wa haraka hautaisha kamwe. Sasa tuseme hatua ya 4 imempa ziada ya 150 kwa mwezi. Anaipeleka yote kwenye mkopo wa haraka, jumla 180 kwa mwezi, na mkopo unakwisha mwezi wa pili. Pesa ile ile inahamia kwenye simu, inakwisha mwezi wa tatu. Kisha zote 265 zinaelekea benki, na mwezi wa saba hadaiwi na mtu. Kipato hakikuongezeka, pesa ya deni lililoisha haikurudi kwenye matumizi, na hapo ndipo nguvu yote ya mpango ilipo.

Baadhi ya watu hupendelea kuanza na deni lenye salio dogo kuliko yote, ili waone limefutika na wapate moyo. Kama riba zako zinakaribiana, fanya hivyo, hasara ni ndogo. Kama moja inatozwa kwa mwezi kile ambacho jingine linatozwa kwa mwaka, hapo hakuna mjadala, anza na la ghali.

Tahadhari mbili. Deni lenye dhamana ya nyumba, chombo cha kazi au mali ya mzazi lisikose kiwango chake cha chini hata mwezi mmoja. Na deni la ndugu lisilo na riba linaweza kusubiri kwa hesabu, ila kwa uhusiano haliwezi kukaa kimya. Lipe kiasi kidogo kila mwezi, hata kama ni kidogo sana, na mwambie mpango wako.

Hatua ya 7: Zungumza na anayekudai kabla hujachelewa

Vijana wengi wakikwama huzima simu. Ni kosa la gharama kubwa. Kwa mkopeshaji, mteja anayepiga kabla ya tarehe ana thamani kuliko anayesakwa baada ya miezi miwili, na nafasi ya kupewa muda, kupunguziwa rejesho au kusimamishiwa faini ni kubwa zaidi akiwa bado yuko ndani ya tarehe. Katika nchi nyingi malipo yaliyochelewa huandikwa kwenye kumbukumbu za mikopo, na kumbukumbu hizo huangaliwa siku unapoomba mkopo wa nyumba au wa biashara.

Andika, usiishie kuongea. Unaweza kuanza hivi:

"Habari za kazi. Namba yangu ya mkopo ni fulani. Kipato changu kimepungua kuanzia mwezi huu na sitaweza kulipa rejesho lote la tarehe tano. Ninaweza kulipa kiasi hiki kila tarehe hii hadi mwezi fulani. Naomba mnijulishe kwa maandishi kama mnakubali, na kama faini zitasimama kwa kipindi hicho."

Taja kiasi unachokiweza kweli. Ahadi ya pili ikivunjika, ya tatu hawataisikiliza.

Uliza pia malipo yako yanaingia wapi kwanza. Mikataba mingi hutanguliza faini, kisha riba, kisha deni lenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kulipa miezi mitatu na salio lisishuke. Na ukitaka kulipa mapema, ulizia kama kuna ada ya kumaliza kabla ya muda na kama riba iliyobaki itafutwa. Deni likiisha, omba barua ya uthibitisho na uitunze.

Kwa rafiki au ndugu, usitumie lugha ya ofisini. Mpigie au mfuate: "Kaka, sijasahau pesa yako. Mwezi huu nakuletea hiki, na kuanzia mwezi ujao nitakuletea kiasi hiki kila mwisho wa mwezi." Kisha ufanye hivyo.

Hatua ya 8: Funga njia za kukopa tena

Futa programu za mikopo kwenye simu baada ya kulipa. Omba kikomo chako cha kukopa kishushwe. Kikomo kikubwa hakikujengei hadhi. Usihifadhi taarifa za kadi kwenye tovuti za manunuzi. Panga malipo ya madeni yatoke yenyewe siku moja baada ya mshahara kuingia, kabla hujaanza kuizoea pesa.

Udhamini nao uuhesabu kama mkopo. Ukisaini kuwa mdhamini wa mwenzako, umekubali kulipa deni lake asipolipa, na mkataba hautajali kwamba pesa hukuila wewe. Jiulize kama unaweza kulipa deni lote bila kuyumba. Kama huwezi, kataa mapema na kwa upole: "Nakupenda, lakini nikisaini na mambo yakaharibika, tutaanguka wote wawili." Anayekasirika leo kwa kunyimwa saini anaweza kupoa. Urafiki uliovunjwa na madalali ni mgumu kurudi.

Kuhusu kuunganisha madeni

Mkopo mmoja wa kufuta midogo unaweza kufaa, kwa masharti matatu: riba yake iwe chini ya yale unayoyafuta, jumla ya malipo yote iwe ndogo, na njia za mikopo ya zamani zifungwe siku hiyo hiyo. Sharti la pili ndilo linalosahaulika. Rudi kwenye 12,000 zetu, kwa asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio. Kwa miezi 12, rejesho ni kama 1,066 na riba yote 794. Kwa miezi 36, rejesho linashuka hadi kama 399, unapumua, lakini riba yote inafika kama 2,349. Nafuu ya mwezi umeinunua kwa karibu mara tatu. Huenda ukaihitaji kweli, ila uichukue ukijua bei yake.

Hatua ya 9: Deni likiisha, pesa yake isirudi mtaani

Zile 265 za kijana wetu, mwezi wa nane ziende kwenye akiba ya dharura mpaka ifikie gharama za lazima za miezi mitatu. Kama kipato ni cha kuyumba, lenga miezi sita. Baada ya hapo ndipo uanze mipango ya muda mrefu, kama uzeeni, nyumba au mtaji. Anayekushawishi kuwekeza ukiwa bado unatozwa asilimia 10 kwa mwezi hakutakii mema, kwa kuwa hakuna uwekezaji halali unaoweza kukuahidi faida ya kuifikia gharama hiyo.

Mambo yakikwama

Kipato hakitoshi hata mahitaji ya lazima. Usigawe umaskini sawasawa kwa wadai wote. Tanguliza chakula, makazi, dawa, umeme na maji, na nauli ya kukufikisha kazini, kwa sababu bila kazi hakuna anayelipwa. Kisha madeni yenye dhamana, kisha mengine. Waandikie wote kama ilivyo hatua ya 7. Hapa kubana matumizi kumefika mwisho. Nguvu iende kwenye kuongeza kipato au kuuza kitu ulichonacho.

Nimekopa tena katikati ya mpango. Ongeza mstari kwenye ukurasa wa hatua ya 2 na uendelee. Kisha tafuta sababu. Kama ilikuwa dharura, akiba ya hatua ya 5 ilikuwa ndogo mno. Kama ilikuwa siku tano kabla ya mshahara, tarehe zako za malipo hazilingani na tarehe za kipato, omba zisogezwe.

Mkopeshaji ananitukana au anawapigia watu walio kwenye simu yangu. Kudaiwa hakukuondolei haki zako. Hifadhi jumbe, andika tarehe za simu, kaondoe ruhusa ya programu kusoma majina yako, na upeleke malalamiko kwa mamlaka inayosimamia wakopeshaji katika nchi yako. Wakati huo huo endelea kulipa kupitia njia rasmi yenye stakabadhi.

Mtu ameniahidi mkopo, ila nitume ada kwanza ili ufunguliwe. Usitume. Hiyo ni alama ya kawaida ya utapeli, sawa na anayekuomba namba ya siri.

Kumbukumbu yangu ya mikopo inaonyesha deni nililolipa. Peleka ile barua ya kumaliza deni kwa mkopeshaji na kwa taasisi inayotunza kumbukumbu hizo, omba marekebisho kwa maandishi, na baada ya wiki chache uitazame tena kumbukumbu yenyewe.

Sehemu kubwa ya deni langu ilitokana na kamari. Mpango huu pekee hautoshi. Jifungie akaunti za kubetia, maana kampuni nyingi zina huduma ya kujizuia, na mkabidhi mtu unayemwamini usimamizi wa pesa kwa miezi ya mwanzo. Tafuta mshauri nasaha au kikundi cha wanaoacha. Na kwa namna yoyote usikope kwa nia ya kurudisha ulicholiwa.

Rafiki anadaiwa na mimi, nami nadaiwa. Mwambie ukweli wa hali yako na muombe tarehe na kiasi, hata kwa awamu. Lakini pesa hiyo usiiweke kwenye mpango mpaka iingie. Ikiingia, yote iende kwenye deni la hatua ya 6 siku hiyo hiyo.